Usiku wa kwanza pale stendi nani analipa?

Hili jambo la watoto wanaotoroka nyumbani na kuishia stendi nakaa nalo tangu Novemba 2024 na kila nikitaka kuliandika nashikwa na kazi nyingine, leo mtandao wa miamala unasumbua toka asubuhi na wateja hamna, acha niandike.

Mimi nina kibanda cha miamala hapa stendi ya Mkanaledi, Mtwara, mwaka wa sita sasa. Ukikaa stendi miaka sita unajifunza kuwatambua watoto ambao hawajaja kumsubiri mtu. Mtoto aliyeagizwa anaangalia njia, anauliza gari fulani limefika. Mtoto aliyetoroka nyumbani haulizi kitu, anazunguka zunguka karibu na vibanda vya chipsi, ana mfuko mmoja wa rambo au hana kabisa, na ikifika saa kumi alfajiri anasogea pale yanapopakia mabasi ya Dar, kwasababu karibu wote wanataka Dar. Wapo wanaotoka Nanyumbu, Masasi, Newala, Tandahimba, wengine wamevuka huku kutokea Lindi. Wavulana ndio unawaona. Wasichana huwaoni sio kwamba hawapo, msichana wa miaka kumi na nne akishuka stendi peke yake hamalizi masaa mawili ashapata "shangazi" wa kumpeleka kazi za ndani au kilabuni kuuza pombe, na huyo shangazi hajawahi kumuona maishani mwake. Hilo linaniuma kuliko yote na nitaliandika siku yake.

Leo nataka kusema la yule kijana. Jina lake silitaji, bado ni mtoto na watu wa kwao wanaweza kusoma.

Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho, ile wiki lori zinashuka bandarini usiku na mchana mpaka barabara imejaa vumbi. Nafunga kibanda kama saa mbili usiku namkuta amekaa chini ubavuni kwa kibanda changu, amekunja miguu ndani ya tisheti, unajua ile mtoto anavuta tisheti mpaka inafunika magoti. Akanisalimia shikamoo mama, vizuri kabisa, mtoto ana adabu zake. Nikamuuliza unamsubiri nani akasema simsubiri mtu, naomba tu nilale hapa mama sitogusa kitu. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi, pekupeku, na kidole gumba cha kulia kimepasuka kucha.

Miaka kumi na tano. Katokea vijiji vya Mangaka huko Nanyumbu, kapanda juu ya magunia kwenye lori mpaka Masasi, pale Masasi akakaa siku mbili anabeba mizigo sokoni, akapata lori lingine mpaka huku. Sababu? Baba yake alilipwa hela za mnada wa korosho akaoa mke mwingine, mama yake akaondoka, yeye akabaki kwa bibi pamoja na mjomba, mjomba akamtuhumu kauza korosho kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo nje ya mnada, akampiga na mpini wa jembe. Aliponiambia hivo akageuka akanionyesha mgongo bila mimi kumuomba. Na watu wa huku kusini mnajua, mtoto wa kiume akishatoka jando anaambiwa we mkubwa sasa, kwahiyo hata akipigwa hivo majirani wanaona ni mambo ya wakubwa wanayamaliza.

Sasa fuatilia vizuri kilichofuata kwasababu ndio sababu ya kuandika haya yote.

Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, akaja, mzee mwema. Akasema hili ni la ustawi. Nikapiga 116, ile namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, walipokea, waliniuliza maswali mazuri na waliongea na kijana mwenyewe kwa upole mpaka akalia, ikaririni namba hii jamani, 116. Wao wakaunganisha na afisa ustawi wa jamii wa huku. Afisa ustawi akaja saa nne usiku, kwa bodaboda, kalipa mwenyewe. Dada mmoja mdogo tu kiumri, anajua kazi yake, akamuandika kijana, akapita nae dawati la jinsia na watoto polisi kutoa taarifa ya kile kipigo. Mpaka hapo kila mtu alifanya kazi yake.

Saa tano na nusu usiku tumesimama wanne nje, mimi, mwenyekiti, afisa na kijana, na swali likawa moja, analala wapi?

Afisa alipiga simu makao ya watoto ya kwanza, wakasema wao wanachukua wadogo, kijana wa miaka kumi na tano atawasumbua wenzake. Ya pili wamejaa. Sitaji majina, na siwalaumu sana maana hayo makao yanaendeshwa na watu binafsi na mashirika ya dini, wanahangaika kutafuta mchele wenyewe. Serikali yenyewe ina makao yake ya taifa, Kurasini kule Dar na Kikombo Dodoma, sasa usiku ule wa saa tano Kikombo na Mtwara wapi na wapi. Afisa akafungua pochi yake akatoa elfu kumi akaniambia dada nishikie hii tumpatie chakula na sehemu ya kulala mpaka kesho, mimi sina fungu la kitu kama hiki. Alisema kwa aibu wakati aibu haikuwa yake. Alikuwa anatoa mshahara wake.

Nikampigia mama yangu mdogo anakaa Chikongola. Yeye na mumewe walishawahi kuhojiwa na kupitishwa na ustawi kama familia ya kuaminika, zile familia zinazopokea mtoto kwa muda wakati ndugu zake wanatafutwa. Hajawahi kupewa hata mche wa sabuni kwa kazi hiyo, anafanya kwa imani yake. Akasema mlete. Kijana akalala pale siku tisa.

Nina tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari la miamala, basi na hii niliiandika nyuma ya daftari. Godoro la mtumba na shuka 28,000. Kandambili na tisheti 8,000. Siku ya tatu akashikwa na homa, kipimo na dawa ya malaria 9,500. Ndugu walipopatikana (mama yake alipatikana kwa dada yake huko huko Nanyumbu, kumbe hakuwa mbali) nauli ya kijana kwenda na ya afisa ustawi kwenda na kurudi, 14,000 mara tatu, 42,000. Chakula mama mdogo kakataa nisiandike, kasema mtoto hahesabiwi ugali. Jumla 87,500. Hiyo hela imetoka kwangu, kwa afisa, kwa mama mdogo, na elfu tano ya mwenyekiti. Halmashauri haijatoa hata shilingi, na sio kwamba kuna mtu alikataa. Hakuna mtu aliyekataa. Hakukuwa na mahali pa kuiombea.

Baada ya pale nikawa siachi kusoma, usiku nikifunga nasoma kwenye simu mpaka chaji inaisha. Na nilichokikuta kimenishangaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, namba 21, kifungu cha 94, inasema halmashauri ina wajibu wa kutoa msaada na malazi kwa mtoto aliyeko kwenye eneo lake ambaye kapotea au katelekezwa au anatafuta hifadhi, na ifanye kila jitihada kuwatafuta wazazi wake. Malazi! Neno lipo kwenye sheria. Kwahiyo ule usiku pale Mkanaledi sisi tulikuwa hatuombi fadhila, tulikuwa tunasimama mahali ambapo sheria inasema halmashauri isimame. Sheria imeshasema, imebaki bajeti kusema.

Nikimwambia mtu hivi ananijibu mbona hela za vijana zipo, zile asilimia kumi. Haya tuangalie. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inagawanywa nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na ni mkopo, unataka kikundi kilichosajiliwa, unataka watu wa kuanzia miaka 18. Ni hela nzuri, nawajua watu imewatoa, ilisimamishwa 2023 na ikarudi 2024 na watu walifurahi. Lakini kijana wa miaka kumi na tano aliyelala kwenye simenti atasajili kikundi gani? Wengine wananiambia TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. TASAF inalipa kaya, na huyu mtoto tatizo lake ndio hilo, kaya imemshinda. Hata kama bibi yake yupo kwenye orodha, ile hela inapokelewa kule Nanyumbu na mtoto yupo huku stendi.

Kwahiyo kuna kundi limedondoka katikati. Miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba. Makao yanawaona wakubwa, mikopo inawaona wadogo, mtaani wanaitwa chokoraa. Hilo neno pia tuliache, nawaomba.

Halafu kuna hili la wafadhili. Kwa muda mrefu kazi nyingi za watoto walio kwenye mazingira magumu zilibebwa na miradi ya nje, hasa ya Wamarekani, wale wahudumu wa kujitolea wanaotembelea nyumba na mabegi na madaftari yao walikuwa wanalipwa posho huko. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, Julai 1 mwaka huo huo USAID ikafungwa. Hapa mtaani kwetu niliona kwa macho, dada aliyekuwa anapita kila Jumatano kwenye nyumba tatu nyuma ya kwetu hakupita tena, na hao watoto aliokuwa anawafuatilia bado wapo. Hela ya kukopeshwa na jirani ni ya kushukuru ila huwezi kumlea nayo mtoto wako miaka yote.

Na Wamarekani hao hao nyumbani kwao wamefanyaje? Nilisoma hili nikaliandika kwenye daftari pia. Wana sheria ya tangu 1974 mahsusi kwa vijana waliotoroka makwao, baadae wakaongeza na wasio na makazi. Hela inatoka serikali kuu inakwenda kwa mashirika na vituo vya huko majimboni vinavyoomba kwa ushindani, na imegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la hifadhi ya dharura kwa walio chini ya miaka 18, mtoto anapokelewa mpaka siku 21, analala, anakula, anatibiwa, na hizo siku zinatumika kuongea na familia arudi kama ni salama. La pili la vijana wa kuanzia 16 mpaka 21 ambao hawawezi kurudi tena, wanakaa muda mrefu, mpaka siku 540, wanajifunza kazi na kujitegemea. La tatu la watu wa kutembea usiku mtaani kuwatafuta kabla hawajachukuliwa na wabaya. Kwa mwaka Bunge lao linatenga kama dola milioni mia moja na arobaini na kitu. Sio kwamba wameshamaliza tatizo, watoto bado wanalala nje kwao, na muda wa ile sheria uliishia 2020, sasa hivi wanatenga mwaka kwa mwaka tu. Mimi sihitaji zile dola, nilichotamani ni zile siku 21. Mtu alikaa akafikiria kuwa kuna siku za kwanza, akazihesabu, akaziwekea hela yake peke yake yenye jina lake. Yule kijana wetu alihitaji siku tisa.

Hapa mtu ataniambia sisi hatuna hela. Mimi ni mtu wa hesabu, hebu tufanye. Halmashauri zetu za Mtwara na Lindi zinaishi kwa korosho kuliko kitu kingine chochote. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia tatu ya bei. Chukulia bei ya shilingi 4,000 kwa kilo kwa urahisi wa hesabu, msimu wa 2024/2025 minada yetu ilifika hapo na kupita. Asilimia tatu ni shilingi 120 kwa kilo, gunia la kilo 80 linaipa halmashauri 9,600. Gawanya ile 87,500 yangu. Magunia tisa na kidogo. Mtoto mmoja kutolewa stendi, kulala, kutibiwa na kurudishwa kwa mama yake akisindikizwa na afisa ni ushuru wa magunia tisa, na lori moja tu linalopita hapa mbele ya kibanda limebeba mamia. Na lile alilopanda yeye juu ya magunia kuja huku, ushuru wa mzigo ule ungetosha yeye na wenzake wengi sana, kalala juu yake usiku kucha.

Najua ushuru una kazi nyingi, madarasa, zahanati, barabara za kata. Najua pia korosho ina miaka mibaya, ukungu ukipiga maua mapato yanashuka kila mtu analia. Kilwa wao wana kitu cha ziada, tozo ya huduma kutoka kwa kampuni za gesi ya Songosongo, na huku kwetu kuna gesi ya Mnazi Bay. Sijasema hela zote. Nasema kifungu kimoja kwenye bajeti ya halmashauri, kidogo tu, kilichoandikwa hifadhi ya dharura ya mtoto, ambacho afisa ustawi anaweza kukitumia usiku huo huo bila kusubiri dokezo lisainiwe na watu wanne. Nauli, chakula, dawa, posho kidogo ya familia ya kuaminika. Isiwe hela ya semina. Semina za ukatili wa watoto nimehudhuria tatu ukumbini, tumepewa maji na posho, mabango mazuri ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, yamebandikwa, na hakuna hata moja tulipoulizana mtoto analala wapi saa tano usiku.

Na wanaosema ukitenga hela utawavutia watoto watoroke, hili nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Ndugu yangu, mtoto hapandi juu ya magunia ya korosho kilomita zote zile na kucha imepasuka kwa ajili ya godoro la mtumba. Njoo uone ule mgongo kwanza.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano wa mtaa, nikanyoosha mkono. Mambo ya bajeti yanaanzia huku chini, mapendekezo yanapanda kata, halmashauri inakaa nayo kuanzia Januari na madiwani wanapitisha kabla haijaenda juu, ikichelewa imechelewa mpaka Julai ya mwaka mwingine. Nikasimama nikasoma kile kifungu cha 94 kutoka kwenye simu, halafu nikasoma daftari langu, godoro na shuka 28,000, kandambili na tisheti 8,000, mpaka mwisho. Watu walinyamaza. Mama mmoja wa nyuma akasema hata mimi mwaka jana nilimlaza wa Newala, wiki mbili. Mwingine akasema mimi wawili. Kumbe tupo wengi tunafanya kimya kimya kila mtu na mfuko wake! Mtendaji akaniomba ile karatasi nimpe akaambatanishe na mapendekezo, nikamkatalia kuichana maana nyuma yake kuna miamala ya watu, nikampa aipige picha. Aliipiga mbele ya watu wote. Diwani alikuwepo, kasema ameiona na atalibeba, nimemuandika na yeye kwenye daftari, tarehe na saa.

Yule kijana alikaa na mama yake mpaka Februari, alirudi shule, halafu akanipigia kwa namba ngeni, yuko Masasi anajifunza kuchomelea kwa fundi, analala gereji. Anasema yuko sawa. Mgongo umepona anasema. Sijui ni kwa kunitoa wasiwasi au kweli, afisa ustawi kaahidi atapita akipata gari la kudandia la kuelekea huko.

Juzi saa nne usiku mama mdogo kanipigia, kaletewa wengine wawili, mtu na mdogo wake wa kike, wa miaka tisa, wametembea kutoka upande wa Nanyamba. Nimeenda na sukari kilo moja na mafuta ya kupaka. Lile godoro la mtumba lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, tukalishusha, na kwenye daftari nimefungua ukurasa mpya.